Mwongozo wangu wa Git kwa Kiswahili unawakwamisha wanafunzi ukurasa wa 3: kosa liko wapi?

#1 MaalimWaChake

Asalaam alaykum wana jamvi.

Nina vijana tisa hapa Chake Chake. Kila Jumamosi asubuhi tunakutana kujifunza kutengeneza tovuti, na tumefika pahala ambapo bila Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi, hatuendi mbele. Walikuwa wanatumiana folda kwa WhatsApp, na kila mmoja anafuta kazi ya mwenzake bila kujua. Miongozo yote waliyoipata ni ya Kiingereza, ikawachosha kabla hawajagusa kibodi. Nikakaa mwezi mzima, kila siku baada ya Isha, nikawaandikia wa kwetu. Kurasa 12. Nikautoa kwa PDF.

Jumamosi iliyopita niliwaachia wausome wenyewe, mimi nikakaa nyuma kimya. Saba kati ya tisa walikwama. Watano iliwashinda ukurasa wa 3, pale pa kuweka jina na barua pepe, ingawa baadhi yao waliruka wakaja kugota mbele. Wawili walivuka hapo salama, wakanasa ukurasa wa 4 kwenye komiti ya kwanza, yaani kuirekodi kazi ndani ya Git.

Kuna binti mmoja, makini kuliko wote. Git ilimwambia ajitambulishe ni nani. Akaandika jina lake, la baba yake na la babu yake, akabonyeza enta. Ikamjibu kwamba hakuna amri kama hiyo. Akanigeukia: "Maalim, si imeniuliza yenyewe? Nimeijibu, mbona inanikana?" Sikuwa na jibu la kumpa pale pale, na tangu siku hiyo nalala nalo, naamka nalo.

Dai langu ni hili: miongozo ya Git, na wangu umo, imeandikwa na watu waliokwishasahau kutojua kulivyo. Nataka niuandike upya. Nyinyi mlikwama wapi mlipoanza?

#2 YakheNgambo

Wa alaykum salaam. Maalim, mimi mwongozo wako siulaumu, nailaumu Git yenyewe. Amri moja, git checkout, inakuhamisha tawi, yaani kutoka njia moja ya kazi kwenda nyengine, na hiyo hiyo inafuta mabadiliko ya faili ambayo bado hujayakomiti. Ukiteleza jina, kazi ya mchana mzima imekwenda na maji. Halafu ile sehemu ya katikati, kabla ya komiti, pengine wanaiita index, pengine cache, pengine staging. Andika git diff --cached au git diff --staged, jibu ni lile lile. Utamweleza vipi mtoto wa watu? Ukuta ukiwa umepinda, chokaa haisaidii.

#3 Terminali_Nyeusi

#2 hilo la checkout wenyewe waliliona. Toleo la 2.23, Agosti 2019, lilileta git switch ya kuhama tawi na git restore ya kurudisha faili, kazi mbili zikatenganishwa. Maalim, wewe umefundisha ipi?

#4 MaalimWaChake

Checkout. Nilijifunza 2014, ndiyo niliyoizoea mkono.

#5 BintiMakunduchi

Kabla hujaifuta, Maalim, nisikilize. Mimi nasaidia kwenye maabara ya skuli moja huku Kusini. Kompyuta zetu bado zina Ubuntu 18.04, ni aina ya Linux, na Git iliyokuja nayo ni 2.17. Mwanafunzi akiandika git switch anaambiwa si amri ya Git. Nilishawahi kuwapa mwongozo mpya, mzuri kabisa, wa mtu wa nje, na darasa zima likasimama kwa neno hilo moja. Bando la kuapdeti mashine 20 hatuna. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza uwe git --version, na uandike wazi: ukiona namba iliyo chini ya 2.23 fuata njia hii, ukiona 2.23 au zaidi fuata ile.

#6 YakheNgambo

Yaani njia mbili ndani ya kitabu cha kurasa 12. Huyo anayeanza atazunguka kama mgeni wa Mji Mkongwe.

#7 BintiMakunduchi

#6 mgeni wa Mji Mkongwe akioneshwa msikiti wa kuanzia anafika. Asiyeoneshwa ndiye anayezunguka.

#8 KarafuuMbichi

Salaam kutoka Wete. Mnabishana amri, na shida si amri. Shida ni kwamba mwanafunzi hana picha kichwani. Mimi nawafundisha kwa karafuu, na wananielewa siku hiyo hiyo.

Folda yako ni shamba. Umechuma, umerudi nyumbani, umechambua makonyo, sasa unaanika jamvini. Kutia jamvini ndiyo git add: unachagua kipi kiwe tayari. Zikishakauka unatia guniani unashona, ndiyo git commit. Gunia unaliandika jina lako na siku. Kulipeleka kituo cha ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, ndiyo git push. Mtoto wa Pemba hahitaji kuambiwa mara mbili. Ntu anaelewa kwa alichokishika mkononi, ati.

#9 UstadhKernel

#8 mfano mtamu, yakhe, lakini una mwiba, na mwiba wenyewe niliuona kwa kijana niliyemsaidia mwaka jana.

Ukishatia karafuu guniani, jamvi linabaki tupu. Git haiko hivyo. Komiti si gunia la vitu vipya peke yake. Ni sura ya mradi mzima kama ulivyo saa ile, pamoja na faili ambazo hukuzigusa. Yule kijana alikuwa na faili 40, na kila alipobadilisha moja alizipitia zote 40 kwa git add, moja moja, akihofu zile ambazo hakuziongeza zitaachwa nje ya gunia. Miezi mitatu anafanya hivyo! Hakuna aliyemwambia, kwa sababu matokeo yalikuwa sawa.

Na hilo la ZSTC: ukiuza, gunia si lako tena. Ukifanya push kazi bado iko kwako, kule imekwenda nakala tu. Nimewahi kuulizwa, "Nikipush, kwangu itafutika?"

#10 KarafuuMbichi

Hili la faili 40 sikuwahi kulifikiria. Sasa naogopa wangapi nimewaacha wanahesabu magunia. Nipeni mfano ulio bora basi.

#11 MamaMitihani

Mimi si mtu wa programu, ila nadhani ninao. Picha ya harusi.

Mpiga picha anawapanga watu ukumbini. Kumsimamisha mtu mstarini ndiyo git add. Akibonyeza ndiyo git commit. Aliyekwisha simama anabaki amesimama. Picha ya pili hupangi ukumbi mzima upya, unamwita aliyechelewa tu au unamtoa anayetoka. Na kila picha inawaonesha wote waliosimama, si yule aliyeingia mwisho peke yake. Kijana wa #9 angeliona hilo asingepata tabu.

#12 Terminali_Nyeusi

#11 huu umenifurahisha kweli, Mama. Kuna kitu kimoja ambacho mfano wako unakichukua bila wewe kukusudia, na ndicho kilichonisumbua mimi. Ukifanya git add halafu ukaendelea kuihariri faili, kisha ukakomiti, komiti inachukua faili ilivyokuwa wakati wa add, siyo ilivyo sasa. Kwa harusi yako: shangazi amesimamishwa mstarini na kanga ya kijani, akachepuka akavaa ya zari, na picha ikatoka na kijani.

#13 KarafuuMbichi

Basi hapo harusi imevunjika. Picha gani inatoka na nguo ambayo mtu hakuivaa?

#14 Terminali_Nyeusi

Kweli, kamera haifanyi hivyo. Ila mwanafunzi akishastaajabu namna hiyo hasahau. Mimi ningeuacha mfano mpaka hapo, nimwambie, "Git ina ajabu hii, sasa jaribu mwenyewe uone," kisha nimpe git status aone faili moja imetajwa pahala pawili: hapa imo kwenye komiti inayokuja, hapa imebadilika haijaongezwa. Akiliona kwa macho yake yamekwisha.

#15 UstadhKernel

Mimi nasema mifano yote tuitupe. Tuwaoneshe kitu chenyewe: kuna folda ya siri inaitwa .git, ndani yake kila komiti ina jina la herufi na tarakimu 40, na kila komiti inamjua mzazi wake. Tawi ni kijikaratasi tu kilichobandikwa juu ya komiti moja. Nilipoelewa kwamba tawi ni kijikaratasi, hofu yote ya Git ilinitoka. Kabla ya hapo nilidhani kila tawi ni folda nyengine nzima, nikawa naogopa kulifungua kwa sababu diski ni ndogo.

#16 BintiMakunduchi

#15 Ustadh, ukimfungulia mtoto wa darasa la kompyuta folda ya .git siku ya kwanza, siku ya pili haji.

#17 Kijana_Bububu

Naomba kuuliza nje ya mada kidogo. Hawa GitHub walipoitengeneza Git kwani hawakuweka mwongozo rahisi? Na bila bando unaweza kuitumia?

#18 UstadhKernel

#17 si nje ya mada hata kidogo, mwanangu, ni mfano wa kile kinachokosekana kwenye miongozo. Git haikutengenezwa na GitHub. Aliianzisha Linus Torvalds Aprili 2005, baada ya mradi wa Linux kupoteza ruhusa ya kutumia bure programu ya BitKeeper, iliyokuwa ikiwafanyia kazi hiyo hiyo. GitHub ni tovuti ya kuwekea miradi ya Git, ilifunguliwa 2008. Git yenyewe inakaa kwenye kompyuta yako. Kukomiti, kufungua tawi, kuangalia historia, vyote havitaki intaneti. Inatakiwa unapopeleka au kuvuta kwa mtu aliye mbali.

#19 YakheNgambo

Na Linus mpaka leo ndiye anayeitunza, siyo?

#20 UstadhKernel

Hapana. Tangu Julai 2005 mtunzaji ni Junio Hamano. Linus aliiongoza miezi michache tu.

#21 MaalimWaChake

#17 swali lako limenichoma, kwa sababu nimekwenda kuangalia mwongozo wangu na ukurasa wa 1 nimeandika "fungua akaunti ya GitHub." Ndiyo hatua ya kwanza niliyowapa! Vijana wawili siku hiyo hawakuwa na bando, wakakaa wakisubiri, na walichokuwa wanasubiri hawakukihitaji mpaka ukurasa wa 9.

#22 Mtumbatu_wa_Nungwi

Kwa wasio na bando, mimi na mwenzangu aliye Mkoani tulifanya kazi mwaka mzima kwa flashi. Kwenye flashi unafungua hazina tupu ya kuwekea mradi na historia yake kwa git init --bare, kila mmoja anaiweka kuwa ndiyo remoti yake, yaani pahala pa kubadilishania kazi, halafu push ya kupeleka na pull ya kuvuta kama kawaida. Flashi inapanda boti Mkoani asubuhi, mimi naipokea bandarini Malindi. Kuna na git bundle, inafunga mradi mzima na historia yake kuwa faili moja. Unaituma kama unavyotuma picha.

Angalizo: tangu toleo la 2.35.2 la Aprili 2022, ukifungua mradi moja kwa moja kwenye flashi Git inaweza kukataa, inasema ina shaka folda ni ya nani. Ni kinga, si ugonjwa. Unaiambia kwamba folda hiyo unaiamini, kwa safe.directory, inapita. Mwongozo wetu tuliufuata ulikuwa wa zamani, hauna habari hiyo. Mwenzangu akadhani flashi imeharibika kwa maji ya chumvi, akanunua nyengine. Ya pili nayo ikakataa vile vile.

#23 BintiMakunduchi

#22 ahsante sana kwa hili la boti. Na nyongeza ndogo: kuna maelezo yanayokuja na Git yenyewe, hayataki intaneti. Andika git help tutorial, au git help everyday, au git help glossary. Ni Kiingereza, naam, lakini yako ndani ya mashine tayari, na wengi wanalipia bando kutafuta kilicho chini ya pua zao.

#24 Terminali_Nyeusi

Maalim, hebu tupandishie hiyo PDF tuione. Tunapiga ramli tu bila kumwona mgonjwa.

#25 MaalimWaChake

Nimeipandisha, iko chini ya uzi. Ikosoeni bila kunionea haya, ndiyo faida yangu.

#26 Terminali_Nyeusi

Maalim, nimeona. Ukurasa wa 3. Uliuandika kwa Word, siyo?

Amri inatakiwa iwe git config --global, vistari viwili vifupi vilivyoshikana. Word imevigeuza kuwa kistari kimoja kirefu. Tena alama za kufungia jina zilizonyooka imezipinda zikawa za mapambo. Nimeikopi amri kutoka kwenye PDF yako nikaipesti kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri: Git imekataa. Kwa jicho huoni tofauti, unaona mstari tu. Mashine inaona herufi nyengine kabisa.

Na hii inamweleza yule binti wako. Ukurasa wa 3 jina lake halikuhifadhiwa. Ikatoka ero, hakuielewa, akaendelea. Alipofika kukomiti, Git haikuwa na jina la kuandika, ikamtaka ajitambulishe. Akajitambulisha kwa adabu zote.

#27 MaalimWaChake

Subhanallah. Kumbe aliyemkana mtoto wa watu ni mimi.

Lakini subiri. Watatu kati ya wale watano hawakukopi. Waliandika kwa mkono, herufi kwa herufi, kutoka kwenye simu.

#28 BintiMakunduchi

Wakaona kistari kimoja, wakaandika kimoja. Ungeandika nini wewe?

Halafu ukurasa wa 5 umeandika git add ukafuatisha neno faili ndani ya mabano ya pembe. Sisi tunajua maana yake ni "weka jina lako hapa." Anayeanza anaandika na mabano yenyewe, na terminali inamrukia. Na ukurasa wa 6 kila amri ina alama ya dola mwanzoni. Wangu waliikopi na dola. Toa vyote hivyo. Andika mfano wenye jina la faili la kweli, index.html, basi.

#29 KarafuuMbichi

Mbona wawili walivuka ukurasa wa 3 basi, na PDF ni hiyo hiyo?

#30 UstadhKernel

#29 swali zuri. Maalim, hao wawili wana Linux?

#31 MaalimWaChake

Mmoja ana Ubuntu, ndiyo. Mwengine ana Windows kama wenzake.

#32 UstadhKernel

Wa Ubuntu ndiyo hivyo: Git ikikosa jina inajaribu kubuni kutoka jina la mtumiaji na jina la kompyuta, na pengine kwenye Linux inafanikiwa. Basi kwake huenda haikugoma. Ila akishakomiti mwambie aangalie git log, orodha ya komiti, atakuta komiti zake zimeandikwa barua pepe ya ajabu ajabu. Huyo naye hakufaulu, isipokuwa kufeli kwake hakukuonekana. Wa Windows simjui. Labda aliwahi kuiweka Git zamani.

#33 YakheNgambo

Sasa msijifanye kistari kimemaliza kila kitu. Hao hao wawili walinasa ukurasa wa 4, ambao hauna kistari chochote. Nami nauliza tena: programu gani inayokubali mtu apotee kwa kistari, halafu jibu lake liwe mstari mmoja wa Kiingereza? Ukuta umepinda, nasema.

#34 Kijana_Bububu

Mimi nataka kusema langu, maana niliumia. Mwaka jana nilikuwa namaliza chuo, mradi wa mwisho. Kabla ya Git nilikuwa na folda "Mradi_mwisho", "Mradi_mwisho_kabisa" na "Mradi_mwisho_wallahi". Nikajifunza Git nikaona nimeokoka. Usiku wa kuamkia kuwasilisha nikasoma pahala nitumie git reset --hard kurudi nyuma komiti moja. Nikarudi komiti sita. Kazi ya wiki mbili haipo. Nililia, sioni aibu kusema.

Saa nane za usiku rafiki yangu akanipigia akaniambia andika git reflog. Komiti zote zimo, zimejipanga, kila hatua niliyopita. Nikarudi kwa amri moja. Nilikuwa nimeshasoma miongozo mitatu na hakuna hata mmoja ulioniambia kitu hicho kipo. Wanakufundisha kwenda mbele tu. Maalim, andika mlango wa kutokea kabla ya chumba.

#35 Terminali_Nyeusi

#34 pole sana ndugu yangu. Ongeza na upande wa pili ili mtu asidanganyike: reflog inakumbuka ulichokomiti. Ulichoandika ukakifuta bila kukikomiti, haikijui. Na haidumu milele. Komiti iliyoachwa bila tawi kwa kawaida inakumbukwa siku 30.

#36 MamaMitihani

Na sisi tusio wa programu mtuweke wapi? Mimi nachapa mitihani ya madrasa, Kiswahili na Kiarabu. Mwanangu aliniwekea Git nisipoteze matoleo. Kila mwongozo unaanza "chukua msimbo wako." Sina msimbo, nina maswali ya fiqhi.

Nilihangaika wiki nzima kwa nini Git hainioneshi nilichobadilisha. Kumbe faili zangu ni za Word, na kwake hizo ni mzigo uliofungwa: inajua umebadilika, haiwezi kukuonesha ndani neno gani limeondoka. Nilipohamia maandishi matupu nikaona kila swali lililoguswa, la kuondoka kwa rangi nyekundu na la kuingia kwa kijani. Siku ile nilifurahi kama mtoto. Mstari mmoja tu ungeniokolea wiki.

#37 MaalimWaChake

Mama, mstari huo nimeshauandika sasa hivi. Shukran.

Naomba msaada wa maneno pia. Nimetumia tawi, kuunganisha na mgongano, na vijana wamevipokea vizuri. Kwa repo, pale mradi na historia yake vinapokaa, nimeandika hazina. Kwa komiti nimekosa.

#38 Mtumbatu_wa_Nungwi

Hazina ni ya Serikali, yakhe. Ghala.

#39 KarafuuMbichi

Ghala unatia na unatoa. Git haitoi. Bohari?

#40 BintiMakunduchi

Bohari ni ghala lililovaa koti. Ulizeni BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, kazi yao hiyo. Mimi nasema repo iwe repo na komiti iwe komiti, maana amri anayoiandika mwanafunzi ni git commit, haitageuka kwa sababu tumeipa jina la Kiswahili. Ukimwambia "hifadhi", atakwenda kubonyeza kitufe cha kuhifadhi faili, atadhani amekomiti. Yametokea kwangu.

#41 MamaMitihani

Nilimwambia jirani yangu nimefanya komiti tano leo, akaniuliza za harusi ya nani.

#42 KarafuuMbichi

#40 sikubali kabisa. Tukiyaacha yote kwa Kiingereza, yule aliyekimbia miongozo ya Kiingereza tumemfungia mlango ule ule kwa kufuli yenye rangi ya Kiswahili. Andika git commit kwenye amri, na kwenye maelezo mpe neno lake. "Kutia muhuri", kwa mfano. Barua ikishatiwa muhuri ina siku na ina mwenyewe.

#43 UstadhKernel

Kutia muhuri si baya. Ila komiti ya mwisho unaweza kuitengeneza upya kwa --amend, na muhuri haufutiki. Au unafutika, na ndipo palipo na hatari? Hebu niendelee kulifikiria.

#44 MgeniMpyaKonde

Hamjambo. Samahani kuingilia. Nimeishusha PDF ya Maalim leo, nikafuata marekebisho ya #26, ukurasa wa 3 nimepita, nashukuru. Niko ukurasa wa 4 hivi sasa. Skrini imebadilika, upande wa kushoto kuna viwimbi vimeshuka mpaka chini, nikiandika mara haiandiki, mara inafuta. Haifungi. Nizime kompyuta?

#45 Terminali_Nyeusi

Usizime. Hujaharibu chochote, umeingia kwenye kihariri kinachoitwa Vim. Bonyeza Esc, andika :q! kisha enta, utatoka. Git itakwambia komiti imeachwa kwa kukosa ujumbe, usiogope. Halafu andika git commit -m "Ukurasa wa kwanza" na hizo alama ziwe zilizonyooka. Baadaye, kama uko Windows, andika git config --global core.editor notepad, hutaiona tena skrini hiyo.

#46 MgeniMpyaKonde

Nimetoka! Na imekubali. Ahsante sana kaka.

#47 YakheNgambo

Ndipo walipokwama wale wawili wako, Maalim. Nakupa mkono wangu.

#48 MaalimWaChake

#44 mgeni wetu, karibu, na usiombe samahani. Nisaidie kitu kimoja. Kabla skrini haijabadilika, ulikuwa unasoma mstari upi?

#49 MgeniMpyaKonde

Ukurasa wa 4, mstari wa pili kutoka chini. Umeandika: "Andika git commit, kisha andika maelezo ya kazi yako." Haukusema niyaandike wapi.